Risasi Mbili Zilizogoma Kuingia

Tulimzika baba mkwe wangu kijijini kwake, Mgwashi, siku ya Jumamosi, kwenye ukungu mzito ambao haukuondoka hata mchungaji alipomaliza sala na wanakwaya wakaanza kukusanya vitabu vyao. Kabla jeneza halijafungwa tulipita mmoja mmoja kumuaga. Wenzangu walimtazama uso, mimi niliitazama mikono. Walikuwa wameilaza kifuani, wa kulia juu ya wa kushoto, vidole vimepinda kidogo, kama mtu anayesubiri kupokea kikombe. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyompasa mkamwana, mpaka wifi yangu akanigusa bega. Wote walidhani naomba. Sikuwa naomba. Nilikuwa nawaza kwamba mikono ile niliigusa mara moja tu katika maisha yangu yote ya ndoa, na kwamba kila nikiikumbuka mara hiyo moja, mpaka leo na mvi zangu hizi, masikio yananiwaka moto.

Mwaka ninaousema nilikuwa na duka la pembejeo Lushoto mjini, karibu na soko. Niliuza mbegu za kabichi na karoti, dawa za ukungu, mabomba ya kupulizia, kamba za katani, na mbolea ya kupima kwa kilo. Mume wangu Zakayo alikuwa dereva wa fuso, akipeleka mboga Dar na kurudi, kwa hiyo siku nyingi za wiki nilikuwa peke yangu na binti yetu Upendo, aliyekuwa bado ananyonya. Jioni moja ya masika, nikiwa nafunga, wakaingia wanaume watatu, mmoja ameshika panga. Walinifunga mikono kwa kamba ya katani ya dukani kwangu mwenyewe, wakabeba walichotaka, wakaniacha nimekaa juu ya mfuko wa mbolea, mtoto akilia mgongoni. Kesho yake watu walikuja kunipa pole, lakini hakuna aliyeniuliza kama nimeumia. Waliuliza kitu kimoja: “Mbona hukupiga yowe?” Sauti haikutoka, basi. Aibu ya mwaka ule ilianzia hapo, kwenye yowe ambalo sikulipiga, na nadhani mengine yote niliyoyafanya baadaye niliyafanya ili watu wasahau yowe hilo.

Ndugu wa mume wangu walikaa kikao. Wakaamua kwamba duka lifungwe, nami nipande Mgwashi nikalime maharage na mama mkwe. Nikasema sitaki, nikasema afadhali niombe kibali cha bastola. Walicheka sana, na mimi nikajutia ulimi wangu, maana nilikuwa nimelisema kwa hasira tu. Aliyekaa kimya ni baba mkwe peke yake. Alikuwa amekula miaka mingi jeshini kabla ya kurudi kwenye maharage yake, na alipoona wamemaliza kucheka alisema, “Ombeni hicho kibali.” Maombi yalipofika kwenye kamati ya ulinzi ya kata, wajumbe wakasema hawajapata kumpitishia mwanamke silaha, na mwanamke huyu hata yowe lilimshinda. Mzee akasimama mbele yao akasema, “Nitamfundisha mimi. Akishindwa, mje kuniuliza mimi.” Wakakubali kwa sharti: mahindi yakishavunwa, niende mbele yao nioneshe kwamba naimudu. Nisipoimudu watawaandikia polisi waichukue, na hapo duka lilikuwa halina mjadala tena, lingefungwa. Kwa hiyo mambo mawili yaliwekwa juu ya kidole changu, duka langu na neno la mzee, ingawa wakati huo hakuna aliyejua kwamba ni kidole.

Wakwe zangu walishuka kutoka Mgwashi wakahamia kwangu, na gunia la maharage, kuku wawili wamefungwa miguu, na lile koti refu la mzee la kaki ambalo hakulivua asubuhi wala jioni. Nyumba ilikuwa ndogo. Duka mbele, nyuma yake sebule, vyumba viwili, na jiko la nje lililogusana ukuta na sebule. Hapo lazima nieleze jambo, maana vijana wa leo hawalijui. Mimi nimetoka Magoma, bondeni, ambako ukwe upo lakini umelegea. Baba mkwe alikuwa Msambaa wa zamani. Kwake, mkwe na mke wa mwanawe hawagusani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, wala hawasemezani moja kwa moja kama yupo mtu wa kupitishia maneno. Akiwa sebuleni sikukatiza. Nilitoka mlango wa nyuma na sufuria ya makande, nikaizunguka nyumba kwenye mvua, nikaingilia dukani. Naye hakutoka chumbani bila kukohoa kwanza, ili nipate kupisha. Asubuhi nilipiga goti kizingitini nikasema, “Shikamoo baba,” naye akajibu, “Marahaba, mama,” akiangalia dirisha. Hata kanisani, watu walipopeana mikono ya amani, mimi alinipa kichwa. Sikuona ubaya. Niliona ni mzee wa mila zake, na kusema kweli nilimcheka kidogo moyoni, kwa kiburi cha mtu aliyesoma sekondari.

Bastola ilikuja ikiwa nyeusi, ndogo kuliko nilivyofikiri, na magazini moja mpya inayobeba risasi nane. Kabla sijaigusa, mzee alitoa amri kupitia kwa mama mkwe: bastola ilale kabatini kwangu kwa ufunguo, magazini ilale kwingine, na wakati wa kujifunza kujaza, bastola yenyewe isiwepo kabisa mezani. Tukaanza somo baada ya chakula cha mchana, mimi na mama mkwe tumekaa jikoni, yeye akipepeta maharage kwenye ungo, mzee yuko sebuleni upande wa pili wa ukuta wa mbao. Kila neno tulilisikia. Hata hivyo kila neno lilipitia kwa mama.

“Mwambie Mama Upendo aketi. Silaha haijazwi na mtu aliyesimama.”

“Amekaa.”

“Magazini aishike kwa mkono wa kushoto, kitako kikae mezani. Risasi aikandamize kwa dole gumba, kisha aisukume nyuma mpaka igonge.”

“Anasema uikandamize kwa dole gumba,” mama akaniambia, ingawa nilikuwa nimeshasikia na nimeshakandamiza. Ya kwanza iliingia vizuri, na ya pili, na ya tatu nikaanza kuona ni kazi rahisi. Ya tano ikawa nzito. Ya sita niliiingiza nimeuma midomo. Ya saba nikaisukuma, springi nayo ikanisukuma, na kidole kikateleza mpaka makali ya mdomo wa magazini yakanichuna ngozi.

“Mwambie aseme ngapi zimeingia.”

“Sita, baba,” nikasema kwa kujisahau.

Kisha mama akarudia, kwa adabu, kama vile mimi sijasema kitu: “Sita.”

“Zimebaki mbili. Asitumie ukucha. Atumie nyama ya kidole.”

Nilitumia nyama ya kidole, nikatumia ukucha, nikatumia na kiganja. Risasi ya saba haikutaka. Mama mkwe akaniambia nimpe ajaribu, akaweka ungo chini, akakunja uso, akasukuma. Risasi ikaruka ikatua katikati ya maharage. Tukaanza kuitafuta kwa vidole, tukicheka bila sauti, machozi yakitutoka, na upande wa pili wa ukuta mzee anauliza, “Kumetokea nini huko?” Mama akamjibu, “Hakuna kitu, tunachambua maharage.” Nilipojaribu kupendekeza kwamba sita zinatosha, jibu lilirudi kupitia kwa mama. “Mwambie mwizi hatamuuliza ni ngapi. Lakini kamati watamuuliza, na yule mwenye mashine ya kusaga anajua kuhesabu.” Mwenye mashine ya kusaga alikuwa Bwana Saidi, mjumbe aliyekuwa amenipinga kuliko wote.

Mchezo ule uliendelea siku hadi siku, na kicheko kikaisha. Kile ambacho watu hawakukijua ni kwamba mjini nilikuwa tayari nimepewa jina. Waliniita Mama Bastola. Wanawake wa sokoni walinipisha njia kwa mzaha, na mmoja alinijia dukani kuniomba nikamtishe mbwa anayekula mayai yake. Nami nilijibu mzaha kwa mzaha, nikatembea nimeinua shingo, kumbe dole gumba langu limefungwa kitambaa na mchezo wenyewe unaishia kwenye sita. Wakati wa mchana wateja walipopungua, nilikaa nyuma ya mifuko ya mbolea na kufanya mazoezi peke yangu. Siku moja Mwanaidi, jirani yangu aliyeuza pilipili hoho, aliingia bila kubisha hodi akanikuta nimeinama, nimebana kitu mapajani, nahema. Akaniuliza, “Wapukuchua nini, shoga?” Nikamwambia napukuchua mahindi. Akatazama sakafuni, hakukuwa na hata punje moja. Akanitazama kidole, akatabasamu, akachukua chenji aliyoijia akatoka. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini mimi nilikuwa tayari nisizae. Kumwambia mtu kwamba Mama Bastola hawezi kujaza bastola yake kulikuwa kunanitia aibu kuliko hata kulifunga duka.

Kidole kilivimba. Asubuhi moja mama mkwe alinishika mkono jikoni, akachomoa uzi mweusi kwenye kanga yake ya zamani, akauzungusha kwenye dole gumba langu, kwanza kwenye kiungo kisha kwenye nyama yenyewe, akafunga fundo dogo kila alipopima. Nilimuuliza ni dawa gani hiyo. “Si dawa,” akasema. “Napima uvimbe. Kesho tutaona kama umepungua.” Kesho yake hakupima tena, na mimi sikukumbuka kumuuliza. Nyumba ilikuwa na shughuli nyingi, mtoto anaota meno, wakulima wanagombea mbegu. Nakumbuka tu kwamba siku zile mzee alianza kuchonga kitu sebuleni. Nilisikia kisu kikikwaruza kupitia ukutani, polepole, kikisimama kila baada ya muda, na nilipofagia asubuhi nilikuta maganda madogo ya mti wa mkulo chini ya kiti chake, yananukia ile harufu yake kali ya dawa. Nikajua anachonga mwiko. Na mara moja, nikiwa nachuja maziwa, niliwasikia wakizungumza wao wawili kwa Kishambaa, wakidhani bado sikielewi vizuri. Mama alimwambia, “Mikono yako yenyewe inatetemeka, utajikata.” Naye akasema, “Ndiyo maana nachonga taratibu.” Nikafikiri ni maneno ya wazee na mwiko wao.

Kisha siku moja ikaingia. Niliacha kusukuma kwa ncha ya kidole, nikalaza kiungo chote cha dole gumba juu ya risasi, nikaegemeza magazini kwenye ukingo wa kaunta, nikashusha uzito wa bega. Ya saba ikagonga mahali pake. Nikapumua, nikarudia. Ya nane nayo ikagonga. Nilizitoa zote nikaanza upya, mara nyingi, mpaka mkono ukafa ganzi, na kila mara zikaingia nane. Jambo la kawaida lilikuwa nikimbilie jikoni nimwambie mama, mama amwambie mzee, mzee aseme “Vizuri” akiangalia dirisha. Sikusema. Nilitaka niwashangaze siku ya kamati. Nilitaka Bwana Saidi aone, Mwanaidi asikie, na wale wote walioniuliza habari ya yowe wanyamaze. Jikoni nikaendelea kuishia sita kwa makusudi, na mzee akaendelea kusema kwa subira yake ileile, “Mwambie apumzike. Aanze tena.”

Siku yenyewe ofisi ya kata ilijaa. Wajumbe walikaa kwenye benchi, askari mmoja wa kituoni akiwa pembeni, bastola iko mbele yake tupu, na magazini na risasi ziko kwenye meza nyingine upande wetu. Wanawake kadhaa walisimama mlangoni na dirishani kuangalia, Mwanaidi akiwa mmoja wao. Mzee alisimama na koti lake, mimi hatua chache nyuma yake, macho chini kama inavyopasa. Mwenyekiti alipotaka kuniita, Bwana Saidi akainua mkono. “Onga mshi, mzee,” akasalimia kwanza, kwa heshima zote. Kisha akasema, “Wewe ndiye uliyesema tukuulize wewe. Sasa tunakuuliza. Tuoneshe kwanza ulivyomfundisha.”

Hilo hatukulitarajia. Mzee aliitikia kwa kichwa, akaketi, akaichukua magazini kwa mkono wa kushoto. Ndipo nilipoiona mikono yake kwa mara ya kwanza ikifanya kazi ile. Miezi yote alikuwa sauti nyuma ya ukuta. Viungo vyake vilikuwa vimevimba, na dole gumba lilitetemeka tangu risasi ya kwanza. Aliingiza moja, akapumzika. Akaingiza nyingine. Tulisikia kila moja inavyogonga. Alipofika ya sita jasho lilikuwa linamtoka, na baridi ya siku ile ilikuwa ya kuvaa sweta mbili. Ya saba ikamponyoka, ikaanguka sakafuni ikabiringika mpaka chini ya benchi. Mtu mmoja dirishani akacheka. Bwana Saidi hakucheka, akasema tu, kwa upole ambao ulikuwa mbaya zaidi, “Basi mzee, umri umekwenda, hakuna ubaya.” Baba mkwe aliibakiza magazini katika mkono wa kushoto, akaingiza wa kulia kwenye mfuko wa koti.

Nilidhani anauficha. Nilidhani anaficha mkono wake unaotetemeka watu wasiuone. Hivyo ndivyo nilivyojieleza miaka mingi, kwamba ni huruma iliyonisukuma. Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini ilikuwepo na furaha, kwa sababu niliona nafasi yangu imefika, na ilikuwa kubwa kuliko nilivyoiota. Niliinua macho, nikapiga hatua, nikaishika magazini ikiwa bado mkononi mwake, na kwa kuwa hakuiachia upesi nikavifungua vidole vyake kwa vidole vyangu. Vilikuwa vya baridi. Nikaweka kitako cha magazini ukingoni mwa meza, nikalaza dole gumba, nikashusha bega. Ya saba ikagonga. Askari aliniokotea ile iliyoanguka, nikaigongesha nayo. Kisha nikaitua magazini mezani mbele ya Bwana Saidi na kusema, “Hesabu.”

Walipiga makofi. Mwenyekiti alisema mwanafunzi kamzidi mwalimu, na watu wakacheka kwa furaha, hata Bwana Saidi akacheka akasema yameisha, mama abaki na silaha yake. Mwanaidi alipiga vigelegele dirishani. Nilikuwa nimeshinda mbele ya mji mzima. Nilipogeuka kumtazama baba mkwe, alikuwa bado ameketi, mkono wa kulia mfukoni vilevile, na wa kushoto umekaa wazi gotini kama nilivyouacha. Hakuwa na hasira. Aliutazama ule mkono wa kushoto, basi. Kisha akasimama, akawashukuru wajumbe, akatoka bila kuutoa wa kulia mfukoni.

Jioni ile niliwapikia kuku wa kununua, na mzee alikula kidogo akakohoa, akaenda kulala. Nikiwa naosha vyombo nikamsikia kupitia ukutani akimwambia mama, kwa Kishambaa, “Hana kosa, alitaka kusaidia. Ila amenishika mkono mbele za watu.” Asubuhi mama alinijia jikoni akaongea nami huku akisonga uji, bila kunitazama, ili nisione haya. Aliniambia jambo kama lile huwa lina dawa yake, wala si kubwa: mkamwana akimgusa mkwewe kwa bahati mbaya, anampelekea kuku, anamkabidhi mwenyewe mlangoni, mkwe anampokea, na hapo yameisha, wala hakuna anayelitaja tena. “Kuku mmoja tu, mwanangu. Hata mdogo.” Nami, niliyekuwa bado nasikia makofi masikioni, nikamjibu, “Lakini mama, kanisani si tunapeana mikono? Nimemwokoa na aibu, kisha nilipe faini?” Akasonga uji wake. “Si faini,” akasema.

Wiki haikwisha wakarudi Mgwashi. Mzee alisema maharage yake yanahitaji mtu. Kamati hakurudi kukanyaga, wala vikao vya kata, na Zakayo aliporudi safari akaniuliza kwa nini baba ameondoka ghafla, nilimwambia ni baridi ya Lushoto, utadhani Mgwashi ni kwenye joto la Mombo. Duka nililiendesha miaka mingi. Bastola sikuwahi kuihitaji hata mara moja, na nilipolifunga duka kwa hiari yangu niliirudisha polisi pamoja na ile magazini, ambayo siku hizo springi yake ilikuwa imelegea kiasi kwamba hata Upendo angeijaza. Mgwashi nilikwenda kila Krismasi na kila alipougua. Nilipeleka sukari, nilipeleka blanketi, nilipeleka redio na miwani, na mzee alipokea kila kitu kupitia kwa mama, akashukuru akiangalia dirisha. Kuku sikupeleka. Mwanzoni kwa sababu ya ubishi. Baadaye ubishi uliisha, ikabaki haya, kwa sababu kumpeleka kuku baada ya miaka mitano au kumi ni kukiri kwamba miaka yote hiyo nilijua. Mara moja nilimnunua hata, jogoo mwekundu, nikafika naye Bumbuli, njiani kwenda Mgwashi, nikampa mwenye bodaboda.

Siku ya tatu baada ya mazishi, wageni walipopungua, mama mkwe aliniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, lile koti la kaki liko magotini pake, amelikunja vizuri. Aliniambia wanaume watagawana vitu vya mzee kesho, lakini kuna kimoja si cha kugawa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kulia, akatoa kipande cha mti kidogo cha mkulo, cheusi kwa kushikwashikwa. Upande mmoja kilikuwa na tundu la kuingiza kidole, kama kikofia cha kidole cha mshonaji, na upande wa pili kimechongwa bapa, na katikati ya ubapa kuna mfereji mdogo wa mviringo. Sikuhitaji kuuliza. Mfereji ule ulikuwa wa kukalia mgongo wa risasi. Ukikivaa, hukandamizi kwa nyama ya kidole, unakandamiza kwa mti, na springi hata iwe ngumu vipi inakutii.

“Alikimaliza usiku wa kuamkia kamati,” mama akasema. “Alitaka akuvalishe njiani, mimi nikiwa katikati, lakini ulitangulia. Basi akasema atakuachia palepale mezani, zikifika zile mbili zinazokushinda.”

Nikamwambia kwamba mimi nilidhani anaficha mkono.

“Alikuwa anakitoa.”

Nje watu walikuwa wanakunja turubai. Nikamuuliza kwa nini hakunipa baadaye, hata siku moja, hata kwa kupitia kwake. Mama alilinyoosha koti, akalikunja tena, kama anayechagua maneno ambayo hayatanikata.

“Alikuwa anasubiri umletee kuku. Alisema siku hiyo atakupa kwa mkono wake, maana mtakuwa mmeshamaliza. Kila Krismasi alikuwa anakiweka mfukoni.”

Nilikichukua nikajaribu kukivaa. Kiliishia kwenye kiungo, hakikuingia zaidi, maana vidole vyangu siku hizi vimenenepa na kukakamaa, na kile kilichongwa kwa kufuata uzi uliozungushwa kwenye dole la msichana. Mama mkwe alinitazama nikihangaika nacho, kisha akaupeleka mkono wake akanizuia, taratibu. “Acha, mwanangu,” akasema. “Kitapasuka.” Nikakifumbata kiganjani nikatoka uani kuwasaidia wenzangu vyombo. Kuku wa mzee walikuwa wamerudi baada ya watu kupungua, wengi tu, weusi na wekundu na wa madoadoa, wanachakura udongo mpya kando ya kaburi. Kila mmoja alikuwa na mtu aliyemletea mzee, na mama angeweza kuwataja wote. Hakuna hata mmoja niliyempeleka mimi.